Mpanda Mlima Hushuka: Mwongozo wa Kwenda Matema kwa Baiskeli

Mwambie mtu wa Mbeya kwamba unakwenda Ziwa Nyasa kwa baiskeli, naye atakuuliza: "Ile milima utaipandaje?" Swali ni la haki, lakini silo linalopaswa kukunyima usingizi. Kutoka Uyole barabara hupanda mpaka kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu mwenye afya, gia nyepesi na subira atafika kileleni akihema, basi. Kazi yenyewe inaanzia hapo. Ufukwe wa Matema uko mita 475 hivi tu juu ya bahari. Kwa hiyo una zaidi ya mita 1,500 za kushuka, ukiwa na mzigo, kwenye barabara ya malori, katika mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakueleza anashukaje, na hilo ndilo nitakalolieleza hapa.

Njia kwa ufupi

Unaondoka Mbeya mjini kwa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Uyole, kisha unakunja kulia kufuata barabara ya Malawi. Unapita Isongole, unashuka hadi Kiwira, unapanda tena kuingia Tukuyu. Hapo umekwenda kama kilomita 70. Kutoka Tukuyu hadi Kyela ni kama kilomita 50, na kutoka Kyela kupitia Ipinda hadi Matema ni takribani 40. Njia yote hii ni ya lami.

Ipange kwa siku nne: ya kwanza Mbeya hadi Tukuyu, ya pili kuzunguka Tukuyu bila mizigo, ya tatu Tukuyu hadi Kyela, ya nne Kyela hadi Matema. Mwenye mapafu ya farasi anaweza kuunganisha siku ya tatu na ya nne. Simshauri, kwa sababu atafika tambarare ya Kyela saa saba mchana, jua likiwa utosini, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa kubana breki.

Wakati wa kwenda

Rungwe mvua hainyeshi kwa kalenda ya Dodoma. Kuanzia Novemba hadi Mei inanyesha kwelikweli, na Aprili ndiyo kilele chake. Miezi hiyo hata tambarare ya Kyela hufurika mito inapovunja kingo. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Hata hivyo beba koti la mvua, kwa kuwa milima hii haijui neno "kiangazi" vizuri.

Juni na Julai kuna baridi kali huku juu. Ukiondoka Uyole alfajiri bila glavu, vidole vitakataa kufunga breki hata ukiviamuru. Septemba na Oktoba huku juu ni kukavu na kuzuri, lakini Kyela inakuwa tanuri. Mimi nachagua Agosti.

Kila siku ondoka mapema, ila si kabla ya kupambazuka. Asubuhi ukungu hulala barabarani kuanzia Uporoto hadi Isongole, na dereva wa lori haoni mbali kuliko wewe. Ukungu ukiwa mzito, kunywa chai ya pili usubiri. Hakuna aliyewahi kujuta kwa chai ya pili.

Baiskeli na fundi wake

Baiskeli yoyote nzima inafaa, mradi iwe na gia nyepesi ya kupandia na breki mbili zinazofanya kazi. Matairi membamba ya mashindano yaache nyumbani. Chagua ya milimita 28 hadi 35, maana pembeni mwa lami kuna kokoto na majani ya migomba yanayoteleza kama sabuni.

Kabla ya safari mpelekee fundi mambo manne. Mosi, mipira ya breki: iwe mipya, na uwe na jozi ya akiba mfukoni. Pili, waya za breki: ukiona uzi mmoja umekatika karibu na mkono wa breki, badilisha waya wote. Tatu, rimu: ipitishie kidole; ukihisi imebonyea kama kijiko, imelika na inaweza kupasuka kwa joto. Nne, spoku: zipige moja moja kwa kucha, na inayotoa sauti ya uvivu ikazwe. Wenye breki za diski wakague unene wa pedi zao, kwa sababu nyingine huenda wasizipate hadi warudi Mbeya.

Beba tyubu mbili, viraka, gundi, pampu na spana. Mafundi wapo kila kituo, chini ya mti au pembeni mwa kibanda cha M-Pesa, na wana mikono ya dhahabu. Lakini vifaa vyao ni vya baiskeli za mzigo, yale madume meusi ya chuma, na tyubu yako nyembamba hawana.

Mzigo uwe mdogo, uufunge chini na kwa uzito ulio sawa pande zote mbili za keria. Begi la mgongoni likijaa hukusukuma mbele kila unapofunga breki, na hilo ndilo jambo la mwisho unalolitaka kwenye kona.

Namna ya kushuka

Sehemu hii isome mara mbili.

Usishike breki muda wote. Breki inayobanwa bila kuachiwa hupasha rimu joto, rimu hupasha tyubu, na tyubu hupasuka. Bana kwa nguvu kidogo, hesabu moja, mbili, achia, bana tena. Tumia breki zote mbili. Wengi wanaiogopa ya mbele kwa sababu utotoni iliwarusha juu ya usukani, ila ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Ukiibana polepole huku umerudisha makalio nyuma ya siti, haitakurusha.

Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Ukishaingia, achia breki, pedeli ya upande wa nje iwe chini, macho yatazame mahali unapotaka kutokea. Baiskeli hufuata macho: ukiliangalia shimo, utaingia shimoni.

Mvua ikinyesha, breki za rimu hazishiki mara moja. Mzunguko wa kwanza wa gurudumu unafuta maji tu. Kwa hiyo anza kubana mapema sana, na upunguze mwendo kuliko unavyodhani inatosha. Rimu ikiwa ya moto usiimwagie maji. Simama, kaa kivulini, kula ndizi, iache ipoe yenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu niliyavunja. Safari yangu ya kwanza, katika mteremko wa kuingia Kiwira, niliibana breki ya nyuma toka juu hadi karibu na chini, nikijiona mwangalifu. Nilisikia kwanza harufu ya mpira ulioungua, kisha mlio kama wa risasi, na tairi likaanza kuyumba. Nilisimama kwa kutumia nyasi za pembeni. Nikiwa nimekaa naangalia rimu isiyoshikika, akatokea kijana na baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi, anakwenda sokoni Kiwira. Alikuwa anatembea. Amejilaza nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria, kisigino cha kandambili kimekita lami. Mtu ambaye kazi yake ni baiskeli, kwenye mteremko anaoujua kuliko ua wa kwao, alikuwa ameshuka akatembea. Akanitazama, akatazama tyubu, akasema: "Kaka, huku hakuna bingwa. Kuna anayetembea na anayebebwa."

Basi nawe, ukifika mahali usipopaamini, shuka utembee. Kilomita moja kwa miguu haichukui zaidi ya dakika 15.

Malori

Hii ni njia ya kwenda mpaka wa Kasumulu, na malori ya Malawi yanapita usiku na mchana. Kaa kushoto, lakini usijibane ukingoni kabisa. Acha nusu mita ya kukimbilia. Vaa kizibao kinachong'aa. Lori likiwa linashuka nyuma yako kwenye kona, usishindane nalo: toka nje ya lami, simama, lipite. Dereva naye anapigana na breki zake. Matuta ya vijijini yana faida, yanapunguza mwendo wa kila mtu, lakini mengine hayana rangi, hivyo ukiona nyumba zimeanza kukaribiana, jiandae.

Siku ya kwanza: Mbeya hadi Tukuyu

Uyole ni mahali pa kunywa supu na kujaza maji. Kuanzia hapo unapanda Uporoto kati ya mashamba ya viazi na pareto. Panda kwa mwendo ambao ungeweza kuzungumza na mtu. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza gia.

Upande wa kulia, nyuma ya msitu, limejificha Ziwa Ngozi. Ni ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano, lina urefu wa kama kilomita 2.5, na kuta za msitu zinalizunguka pande zote. Baiskeli haifiki: unaacha lami, unakwenda kilomita chache za udongo, kisha unapanda kwa miguu msituni zaidi ya saa moja. Mwenyeji wa kukuongoza ni lazima, na baiskeli iache kwa mtu mliyekubaliana naye bei mapema. Ukitaka Ngozi, itengee siku yake nzima kutoka Mbeya. Kuibandika katika siku ya Tukuyu ni kujitafutia kushuka Kiwira gizani.

Kushoto ni Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, volkano iliyovaa msitu. Ndani ya msitu huo anaishi kipunji, kima mwenye manyoya ya kahawia na kishungi kichwani. Wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina lake siku zote. Wanasayansi walimwona mwaka 2003, wakamtangaza mwaka 2005, na mwaka 2006 wakalazimika kumtengenezea jenasi yake peke yake. Ilikuwa zaidi ya miaka 80 tangu jenasi mpya ya kima ipatikane Afrika. Barabarani humwoni, lakini inapendeza kujua nani anaishi upande ule wa ukungu.

Isongole kula viazi, kwa sababu ndiko vinakotoka. Kisha funga koti, kagua breki, na ushuke Kiwira kwa utaratibu niliokwisha kueleza. Chini utavuka Mto Kiwira, ambao huenda ukakutana nao tena kesho, na kutoka hapo ni kupanda tena kati ya migomba hadi Tukuyu, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari.

Siku ya pili: Tukuyu bila mizigo

Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg na kuufanya makao ya utawala wao. Nyumba za wageni za bei nafuu zipo nyingi. Omba chumba cha chini ili baiskeli ilale ndani nawe.

Chagua safari moja kati ya hizi, usizikimbilie zote.

Ya kwanza ni Daraja la Mungu, kaskazini ya mji, unachepuka magharibi kutoka barabara kuu. Lava ya zamani ilipoa juu, maji ya Kiwira yakapita chini, na likabaki daraja la mwamba ambalo hakuna mkandarasi aliyelipwa. Eneo hilohilo kuna Kijungu, mahali mto unapoingia kwenye chungu cha mwamba na kupotea kwa muda. Mwamba unateleza, usisogee ukingoni kwa ajili ya picha.

Ya pili ni Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, kama kilomita 15 kusini mashariki ya Tukuyu. Ni ziwa dogo la duara, la volkano, lililotulia kama jicho. Kando yake lipo boma la Wajerumani, na wenyeji husimulia kwamba Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowageukia, walitupa fedha zao majini. Ukiuziwa sarafu, nunua kwa sababu ya hadithi, si kwa matumaini ya utajiri. Utajiri wa hakika uko kwenye tope la chini: wanasayansi wamelichimba na kusoma humo mvua na ukame wa makumi ya maelfu ya miaka.

Ya tatu ni mashamba ya chai, kwa kufuata barabara ya mzunguko ya Katumba, Lwangwa na Mbambo. Uliza asubuhi hiyohiyo kipande gani kina lami na kipi bado udongo, kwa sababu udongo wa Rungwe ukilowa hujaa kwenye breki hadi gurudumu likatae kuzunguka.

Chakula hakitakupa shida: ndizi za kupika, maharage, maziwa ya mgando, na parachichi kubwa kuliko kiganja.

Siku ya tatu: Tukuyu hadi Kyela

Huu ndio mteremko mrefu kuliko yote, karibu mita 1,000 za kwenda chini. Ugawe. Kila dakika 15 simama, shika rimu kwa tahadhari, nyosha vidole. Punguza nguo kadiri unavyoshuka, maana utaondoka na koti na kufika na fulana.

Huhitaji saa ya kupima mwinuko, mimea itakuambia. Ulianza na viazi na pareto. Tukuyu ni chai, ndizi na parachichi. Ukiona kakao zimeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na upepo umeleta harufu kama ya siki, umeshaingia Kyela. Ukiona michikichi na mpunga, achia breki, umefika chini.

Hapa adui anabadilika, anakuwa joto. Kunywa maji kabla ya kusikia kiu, na uyatie chumvi kidogo. Mbu ni wengi na malaria ipo, hivyo chumba kisicho na chandarua usikichukue. Chakula cha jioni hakina mjadala: wali wa Kyela, ule unaonukia hadi barabarani, pamoja na samaki wa ziwani. Wakikuambia kuna mbasa, usiulize kingine.

Siku ya nne: Kyela hadi Matema

Ni tambarare hadi mwisho, kupitia Ipinda, kati ya mpunga na migomba, ukivuka mito inayokwenda ziwani: Mbaka, Lufilyo na ndugu zao. Mchana upepo hutoka ziwani na kukupiga usoni, kwa hiyo ondoka mara tu kunapopambazuka. Mbele utaona ukuta wa Milima ya Livingstone ukiinuka moja kwa moja kutoka majini. Barabara inaishia miguuni pake.

Ukipanga kufika Jumamosi, nenda soko la Lyulilo. Vyungu vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vimefinyangwa kwa mikono na wanawake bila gurudumu la mfinyanzi. Ni vizuri, vinavunjika, na keria yako haina huruma. Nunua kidogo ukifunge ndani ya nguo.

Kabla ya kuoga, uliza wenyeji. Mamba hupenda midomo ya mito, na kichocho kipo ziwani. Watakuonyesha wanapooga wao.

Adabu za njiani

Mkubwa msalimie "Shikamoo" hata kama unahema. Ukijua "Ugonile" ya asubuhi na "Ndaga" ya kushukuru, utapewa maji hata usipoomba. Ukikuta msiba, na Unyakyusani msiba hukusanya kijiji kizima barabarani, shuka kwenye baiskeli, vua kofia, tembea hadi uwapite. Ukiegesha kwa mtu, nunua chochote kwake.

Kurudi

Wenye miguu watapanda walikoshuka, kwa siku mbili hadi tatu. Wengine wapande basi Kyela. Patana bei ya baiskeli kabla haijapanda juu ya keria, ifunge mwenyewe, na geuza upande wa cheni utazame juu.

Kipimo cha mwisho

Usiku wa Matema, kabla ya kulala, washa tochi uangalie mipira ya breki uliyoifunga Mbeya ikiwa mipya. Ya nyuma ikiwa imekwisha na ya mbele bado inang'aa, uliteremka kwa woga, na tyubu yako ilikuvumilia tu. Ikiwa zote zimelika, ya mbele kidogo zaidi, ulishuka kama inavyotakiwa. Na soli za viatu vyako zikiwa nazo zimelika kisiginoni, basi yule kijana wa ndizi alikufundisha nawe.